Ukishaijua nguzo, mengine ni hesabu

Kila nikiweka picha ya kitambaa nilichokifuma kwa kroshia, chenye pambo la nanasi, ujumbe unaoingia ni uleule: "Dada, nifundishe hilo nanasi." Sawa, nitakufundisha. Lakini kwanza nenda dukani ukanunue kroshia, ile sindano yenye ndoano, ya milimita 4 na uzi wa sufi mweupe, au wa njano iliyopauka. Usichukue mweusi hata kama ndio unaokupendeza. Uzi mweusi unaficha matundu ya kuingizia kroshia, na wewe bado unahitaji kuyaona.

Tunaanza na cheni, yaani vitanzi vilivyofuatana. Vuta uzi ndani ya kitanzi, vuta tena, basi. Kazi kubwa inafanywa na mkono wa kushoto: uzi uzunguke kidole cha mwisho, upite juu ya kidole cha shahada, utoke taratibu. Wanaoanza wanaubana kama nauli ya daladala, cheni inakakamaa, na kwenye mstari wa pili kroshia haipiti.

Baada ya cheni ni nguzo, yaani mshono mrefu unaosimama, na hapa naomba utulie. Zungusha uzi mara moja kwenye kroshia, ingia kwenye tundu, vuta. Hesabu: una vitanzi vitatu. Shika uzi, pitisha kwenye viwili. Shika tena, pitisha kwenye viwili vilivyobaki. Nguzo hiyo. Ukivipitisha vyote vitatu kwa mkupuo unapata nusu nguzo. Usipozungusha uzi mwanzoni, vitanzi vinakuwa viwili tu, unavipitisha pamoja: mshono mfupi. Mengi ya mapambo unayoyaona kwenye makochi ya watu yametoka hapo.

Jirani yangu muuza maandazi alianza kitambaa cha mraba, kikaishia pembetatu. "Mwalimu, huu uzi wako unaliwa na nini?" Uzi haukuwa na tatizo. Ukigeuza kazi unapandisha cheni tatu, na hizo tatu zinahesabika kuwa nguzo ya kwanza ya mstari. Ukirudi, nguzo ya mwisho lazima uifume juu ya kichwa cha cheni hizo, naye alikuwa anaziruka. Nikampa pini ya mtandio, awe anaichomeka pale juu kila akigeuza. Kitambaa kikanyooka siku hiyohiyo.

Sasa mapambo. Kombe, lile umbo la ganda la baharini: mshono mfupi, ruka matundu mawili, fuma nguzo tano kwenye tundu moja, ruka mawili, mshono mfupi tena. Kila kombe linachukua matundu sita, kwa hiyo idadi ya matundu igawanyike kwa sita, kisha ongeza moja. Duara: nguzo 12, mzunguko wa pili 24, wa tatu 36. Likianza kujikunja kuwa bakuli, nguzo ni chache. Likipata mawimbi, zimezidi. Nanasi lenyewe ni nguzo nyingi, tuseme kumi, zilizosimama pamoja. Mstari unaofuata unaweka vitanzi tisa vya cheni juu yake, kisha vinane, saba, hivyo hivyo hadi kimoja kileleni.

Mtandaoni kuna mtego. Kuna jina moja la mshono ambalo Mmarekani akilitaja ana maana ya nguzo, na Mwingereza ana maana ya mshono mfupi. Kitambaa kinatoka kifupi unabaki unajilaumu bure. Ndiyo maana mimi nafuata michoro: kiduara kirefu ni cheni, herufi T ni nusu nguzo, T yenye mkato mmoja ni nguzo. Hata mchoro wa Kijapani unafumika.

Ukingoni wengi hupenda vinundu: cheni tatu, unarudi kufunga kwenye ya kwanza. Kwenye kitambaa cha meza viweke, vinapendeza. Kwenye kochi mimi siweki, hata mteja abembeleze. Vinanasa bangili, na anayeitwa kuja kurekebisha ni mimi.