Kiatu cha kulia bado kipya

Jamani leo nimetoka hospitali na mdogo wangu, moyo mzito, acha niandike tu.

Dogo ana miaka 11. Alikatwa mguu wa kulia chini ya goti mwaka juzi, ajali ya bodaboda. Bima ililipa upasuaji, kitanda, dawa, tukamshukuru Mungu kwa kweli.

Leo tumeenda kwa ajili ya mguu bandia, fundi kampima kigutu vizuri, dogo anacheka anauliza ataanza lini kucheza mpira.

Tukafika dirishani. Dada akaangalia kadi, akaangalia kompyuta, akasema kwa upole kabisa "kaka hii haimo kwenye bima yenu, mnalipa keshi."

Yani kukata wanalipa, kutembea tena hawalipi???

Na mguu bandia sio ununue mara moja umemaliza, kigutu kinasinyaa unaanza kupwaya, mtoto nae anakua, inabidi ubadilishe tena na tena, mshahara gani unaweza hiyo?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa 2023, mi naomba miguu bandia na vyuma vya miguu viwemo kwa kila mtu, haya ni matibabu sio anasa.

Kilichoniumiza zaidi, dogo alibeba viatu vyake vya shule kwenye mfuko. Cha kushoto kisigino kimelika upande. Cha kulia kinang'aa, soli haina hata vumbi.

Tumerudi nacho hivyo hivyo.

Mliopitia hili mlifanyaje? Niambieni jamani.