Kwenda Osnabrück na Sumaku Mfukoni: Ukaguzi wa BMW 3.0 CSL

Treni ya kutoka Hamburg hupita Bremen, na kabla ya saa mbili kwisha umeshafika Osnabrück, stesheni yenye reli juu ya reli, njia moja ikikatiza juu ya nyingine. Tulishuka saa tatu kasorobo asubuhi. Begi lilikuwa zito kwa vifaa: sumaku iliyoshonewa kitambaa laini isikwaruze rangi, kipimo cha unene wa rangi, geji ya kompresheni, pampu ya mkono ya kunyonya hewa, tochi, na kioo kidogo chenye mpini. Safari yote ilikuwa kwa ajili ya kupe. Kupe wa magari, yaani gari la michezo la milango miwili, si yule wa ng'ombe, ingawa huyu naye akishakushika hunyonya pesa mpaka umwondoe kwa moto.

Gari lina asili ya mji huohuo. Nembo ni ya BMW, lakini bodi za kupe za familia ya E9, jina la kiwandani la aina hii, ziliundwa na Karmann, kampuni ya hapa, si na BMW wenyewe Munich. Karmann walifilisika mwaka 2009 na kiwanda kikaingia mikononi mwa Volkswagen. Kwa umbo walikuwa mabingwa. Kwa kuzuia kutu, hapana. Chuma cha E9 kina mifuko mingi iliyozibwa ambamo maji huingia na hayana pa kutokea, kwa hiyo anayenunua gari hili ananunua bodi na makaratasi. Injini hufuata nyuma.

Tangazo lilisema: 3.0 CSL, usukani kulia, moja kati ya 500. Herufi L ni ya neno la Kijerumani lenye maana ya wepesi. CSL zilitengenezwa 1,265 tu, ili BMW ipate kibali cha kushindana kwenye mbio za magari ya kawaida. 169 za mwanzo zilitumia kabureta na injini ya cc 2986. Zikafuata 429 za usukani wa kushoto na 500 za kulia, zote zenye injekta na cc 3003. Hizo cc chache zilipatikana kwa kupanua silinda kutoka milimita 89 hadi 89.25, na lengo halikuwa nguvu: ukivuka lita 3 unaingia daraja la juu la mashindano, huko ambako injini ya mbio inaruhusiwa kukua zaidi. Mwisho kabisa zikaja 110 na kisha 57 za cc 3153, zile za mabawa ambazo watu huziita Batmobile. Sheria ya barabarani ya Ujerumani haikuyaruhusu mabawa hayo, kwa hiyo gari liliuzwa nayo yakiwa yamelazwa ndani ya buti.

Zile 500 zilikwenda Uingereza, na huko starehe zikarudishwa: vioo vya kawaida badala ya plastiki, madirisha ya umeme, bampa za chuma. Kwa hiyo ndizo rahisi zaidi kughushi. Chukua CSi, ndugu yake wa kawaida asiye mwepesi, bandika mistari ya ubavuni, tia viti vya michezo vya Scheel, na mtu asiye na sumaku atalipa bei ya CSL.

Kutoka mjini tulishika barabara ya B51 kuelekea kusini, kama kilomita 16 hadi upande wa Bad Iburg, inapoanza kupanda misitu ya Teutoburg. Tulikuwa tumemwomba muuzaji asiwashe gari kabla hatujafika. Kabla ya kumaliza salamu, mmoja wetu alifungua boneti na kuweka kiganja juu ya mfuniko wa valvu. Ulikuwa wa moto. Muuzaji alisema ameliondoa tu chini ya turubai. Labda ni kweli, lakini injini hii ikishapata joto huficha mengi: kuwaka kwa shida asubuhi, moshi wa dakika ya kwanza, kelele za valvu, na maji yanayovuja kwenye ufa wa silinda hedi kabla chuma hakijatanuka. Tukaacha boneti wazi, tukaanza na bodi ili injini ipoe. Ilichukua saa tatu. Mnunuzi mwenye haraka angekuwa ameshaondoka na gari.

Namba ya chesisi ilianza na 2285, kama inavyotakiwa kwa CSL ya usukani wa kulia. Namba ya injini imechongwa kwenye bloku, juu ya stata, na BMW ya miaka ile ilichonga humo namba ileile ya chesisi. Zilifanana. Jiridhishe pia kwamba herufi zimezama sawasawa na kwamba hakuna alama za kusagwa kuzizunguka. Tochi iliyolazwa ubavu huonyesha hilo haraka kuliko iliyosimama.

Kisha sumaku. Boneti, milango na mfuniko wa buti vya CSL ni aluminiamu, kwa hiyo sumaku inatakiwa iteleze kama kwenye sufuria. Paa na madigadi ni chuma, hapo inashika. Boneti iliteleza. Buti liliteleza. Mlango wa kulia uliteleza. Wa kushoto: tap, ikaganda.

Hiyo tap moja ilitupa kazi ya saa mbili. Mlango wa aluminiamu ni adimu na ghali, na mtu hauachi uende isipokuwa umepondeka. Maana yake gari liligongwa ubavu wa kushoto, likapewa mlango wa chuma wa CS ya kawaida. Tukahamia kwenye kipimo cha rangi. Nunua kile kinachosoma chuma na aluminiamu pia, maana vya bei rahisi husoma chuma tu, na kwenye boneti ya CSL havikuambii kitu. Rangi ya kiwandani huwa takriban mikroni 100 hadi 180. Ikizidi hapo huwa imepigwa upya. Ikifika 1,000 unapima puti, si rangi. Madigadi ya kulia yalisoma 240 mpaka 280, rangi mpya iliyopigwa vizuri. Ya kushoto, karibu na bawaba za mlango, yalisoma 1,400.

Tukalala chini na kioo. Mahali pa kuangalia kwanza ni kiti cha shokapu ya mbele, pale juu ambapo nati tatu zimeshika. Upande wa chini, matope hurushwa na tairi na kukaa kwenye mfuko wa chuma kati ya madigadi ya nje na ya ndani. Bonyeza kwa dole gumba kuzunguka zile nati. Kulia, chuma kilikuwa kigumu na mistari ya welding ya kiwandani ilionekana. Kushoto palikuwa laini mno, pamepakwa lami nyeusi mpya. Lami mpya kwenye gari la nusu karne ni pazia. Tulikwaruza kidogo kwa idhini ya mwenye gari, kutu ikatoka kama majani ya chai. Vizingiti chini ya milango vilikuwa salama, na kwenye sakafu ya buti, chini ya tairi la akiba, hakukuwa na maji. Kwenye ukingo wa chini wa mlango wa kulia rangi ilikuwa imefura vipele vidogo: ngozi ya aluminiamu imekunjwa juu ya fremu ya chuma, maji ya chumvi yakiingia kati, metali hizo mbili hulana. Hilo ni la kawaida, na hurekebishika likiwahiwa.

Saa nane injini ilikuwa baridi. Iliwaka mara ya pili, ikatoa moshi mweusi uliokataa kwisha. Mfumo wa injekta ni D-Jetronic wa Bosch, ambao hukisia hewa kwa kupima shinikizo ndani ya manifoldi. Kihisi chake kina kiwambo chembamba cha metali. Kikipasuka, kompyuta hudhani injini imebeba mzigo na kumwaga petroli kupita kiasi. Tulichomoa mpira wake, tukanyonya kwa pampu ya mkono. Mshale ulishuka taratibu hadi sifuri badala ya kusimama. Jibu likapatikana bila kubadilisha plagi wala kugusa kitu kingine. Kompresheni ilikuwa nzuri: silinda zote sita zilipishana chini ya nusu bari. Kamshafti haikuwa na mikwaruzo, ingawa boliti za bomba linaloinyunyizia oili zilikuwa zimeanza kulegea. Zikilegea kabisa, kamshafti hukauka na kulika. Ni kazi ya dakika kumi kuzibana, na kwa injini yoyote ya M30, familia ya injini hii, ndilo jambo la kwanza kufanya ukishalileta gari nyumbani.

Muuzaji alitukumbusha kwamba gari lina namba yenye herufi H, ile ya magari yaliyotimiza miaka 30, yenye kodi ya euro 191.73 kwa mwaka. Kweli, lakini mkaguzi wa H huangalia kama gari ni kuukuu, limetunzwa na kwa ujumla liko katika hali yake ya asili. Mlango wa chuma wa E9 unapita mbele yake bila swali. Cha maana zaidi ni barua kutoka kumbukumbu za BMW yenyewe, inayotaja tarehe gari lilipotoka na rangi yake ya kwanza. Hakuwa nayo.

Tulimwandikia ofa kwenye karatasi: bei ya tangazo, toa mlango wa aluminiamu, toa kazi ya kukata na kuunda upya kiti cha shokapu cha kushoto, toa kihisi, na malipo hayafanyiki kabla ya ile barua kufika. Aliisoma mara mbili akiwa amesimama nyuma ya gari, akasema atafikiri, kisha akafunga buti kwa kidole kimoja.