Kitambaa cha Madhabahuni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo letu wiki hii ni Matendo ya Mitume 9:36–42, habari za Tabitha wa Yafa, aitwaye pia Dorkasi.

Jumapili nilipanda Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kusali katika kanisa la shangazi yangu. Ndivyo tulivyoliita tangu utotoni, kanisa la shangazi, ingawa Injili ilifika Machame na wamisionari wa Leipzig mwaka 1893, kabla hata ya wazazi wake kuzaliwa. Hakuwa mzee wa kanisa, na kwaya aliiacha mapema. Kazi yake ilikuwa kufua. Kila Jumamosi alibeba vitambaa vya madhabahuni hadi nyumbani, akavifua, akavitia wanga, akavinyoosha kwa pasi ya mkaa.

Sikuwa nimefika pale tangu tumzike. Hata alipokuwa mgonjwa nilituma fedha kwa simu zaidi ya nilivyokwenda mwenyewe. Hilo ninalo moyoni, nami nimeshamwambia Mungu.

Ulipofika wakati wa Chakula cha Bwana nilipiga magoti pembeni, upande wa kushoto. Kitambaa cheupe kilining'inia karibu na uso wangu, na kwenye pindo nikaliona lile ua. Ni dogo, la uzi wa bluu, na halina mwenzake popote pale kitambaani. Nalijua, kwa maana nilikuwapo siku cheche ilipochomoka kwenye pasi ikatoboa kitambaa. Shangazi alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia, "Mwanangu, niletee sindano." Uzi mweupe ulikuwa umekwisha.

Nilipokea mkate nikilia.

Luka anasema Petro alipopandishwa orofani, alikolazwa Tabitha baada ya kufa, wajane walisimama karibu naye wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizozitengeneza Dorkasi alipokuwa pamoja nao. Hatusikii walimsifu kwa maneno gani. Walishika nguo wakaonyesha. Nimelisoma somo hili mara nyingi nikikimbilia muujiza, na wale wajane nikiwapita tu. Safari hii nimekaa nao, maana muujiza wenyewe ulikuwa unaniumiza. Petro alipiga magoti akaomba, na Tabitha akafumbua macho. Sisi nasi tulipiga magoti kando ya kitanda cha shangazi, usiku hata usiku, na tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, chini ya migomba, tukapanda masale, mmea tunaoupanda makaburini. Sina jibu la kuwapa juu ya hilo. Ninachokiona ni kwamba Bwana hakuwakemea wajane kwa kulia, wala Petro hakuwaambia waweke zile nguo kando kwanza. Kabla ya muujiza, kanisa la Yafa lilikuwa tayari linajua lilichopewa katika mwanamke yule.

Baada ya ibada tulitoka nje kwenye mnada wa sadaka. Ndizi, maziwa, mayai, na jogoo mmoja aliyepandishwa bei mpaka watu wakapiga vigelegele. Nilinunua mkungu, nikaukabidhi kwa bibi mmoja aliyesimama karibu yangu.

Hapo mama mmoja kijana akanijia, mtoto mgongoni, vitambaa vimekunjwa ndani ya kanga. Ndiye anayefua sasa. Akanisalimu kwa heshima, akanipa pole, kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya: "Samahani, wewe ni wa nyumbani kwake. Alikuwa anatia wanga namna gani? Mimi nikinyoosha vinalegea."

Nilikuwa najua. Nikiwa mdogo kazi ya kukoroga ilikuwa yangu. Nikamwambia atumie unga wa muhogo, aukoroge kwanza kwa maji baridi, ndipo amimine ya moto, uwe kama uji mwepesi kabisa. Auchuje. Na asisubiri kitambaa kikauke. Akinyooshe kingali na unyevu, na mkaa aukung'ute vizuri kabla ya kushika pasi.