Kumbukumbu ya mradi: kuvuna maji ya mvua kwenye nyumba iliyohamiwa haijaisha

Mahali: Chanika, Dar es Salaam. Nyumba ya chini, vyumba vitatu, bati geji 28, plasta ya nje bado. Mwenye nyumba hana ajira kwa sasa, anatafuta nyingine. Kazi yenyewe ni gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) upande mmoja wa paa, tanki la lita 5,000 na msingi wake, na mabomba ya kutosha kufikisha maji chooni na kwenye koki ya nje. Tarehe ya mwisho inawekwa na masika.

Mshahara ukisimama, mradi hukatwa vipande kwa sheria moja: kila kipande kikiisha kiwe kinatumika hata kama kinachofuata kitachelewa miezi sita, na kisije kikabomolewa na kinachofuata. Ndiyo maana hapa msingi na tanki vimetangulia gata. Tanki lililokaa vizuri linapokea maji ya boza, au ya bomba la DAWASA siku yakitoka, hata kabla ya tone la mvua. Gata isiyo na tanki inachimba shimo tu chini ya dirisha. Na kiinua mgongo kikiwa kipo benki, kishawishi ni kuanza na tailizi za sebuleni. Tailizi zingoje.

Hesabu, kabla ya kwenda dukani

Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Eneo linalopimwa ni kivuli cha paa chini. Urefu wa bati lililoinama hauingii kwenye hesabu. Nyumba ina mita 10 kwa 9, ukiongeza sentimita 60 za bati kutokeza kila upande unapata 11.2 kwa 10.2, yaani mita za mraba 114. Paa lina miporomoko miwili, hivyo kila upande ni 57. Toa kama asilimia 15 ya maji yanayorukia nje, yanayokauka na yanayobaki kwenye bati: mvua ya milimita 20 inaleta lita 970 hivi.

Aprili peke yake, kwa wastani, Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 200. Upande mmoja wa paa unajaza lita 5,000 karibu mara mbili ndani ya mwezi huo. Kufunga gata pande zote mbili kwa tanki moja ni kununua maji ya kumwaga. Upande wa pili utasubiri tanki la pili.

Matumizi: watu wanne kwa lita 50 kila mmoja ni lita 200 kwa siku, tanki linakwenda siku 25. Likibaki la choo, kufua na kudeki tu, linaweza kufika mara mbili ya hapo. Kwenye maeneo ya visima vya chumvi, kufua kwa maji ya mvua kunapunguza sabuni, jambo ambalo hakuna haja ya kumweleza mtu aliyewahi kufua kwa maji ya kisima cha chumvi.

Kimo kwanza

Kipimo kinachoharibu miradi mingi ni kimo. Tanki la lita 5,000 lina urefu wa kama mita 2.2 na kipenyo cha kama mita 1.8 (viwanda hutofautiana, pima tanki lenyewe dukani kwa futi kamba). Chini ya gata, kuanzia ardhini, hapa kuna mita 3.1. Msingi ukiwa sentimita 62, mdomo wa tanki unafika mita 2.82. Zinabaki sentimita 28 za kulaza bomba lenye mteremko na kupitisha chujio. Msingi wa mita moja, ambao fundi atakupendekezea ili maji ndani yawe na nguvu, ungelifanya tanki lipite gata, na maji ya mvua hayapandi mlima.

Kwa hiyo chagua mapema. Tanki la chini linajazwa na mvua bila umeme, lakini shawa itatiririka kwa unyonge. Kila mita moja ya kimo cha maji ni kama ba 0.1 tu. Tanki la juu ya mnara linatoa shawa nzuri lakini linadai pampu na umeme wa LUKU. Hapa limechaguliwa la chini, na mnara ukija utakuwa na tanki lake dogo la lita 500 au 1,000 litakalojazwa kwa pampu kutoka hili. Hakuna kitakachobomolewa.

Msingi

Lita 5,000 ni tani 5, bila tanki lenyewe. Usiziweke ukingoni mwa shimo la choo, wala juu ya mfereji uliofukiwa juzi. Umbali kutoka ukutani uwe sentimita 40, ili spana ya bomba ipate nafasi ya kuzunguka.

Mraba wa mita 2.2 kwa 2.2. Mtaro wa kuzunguka upana sentimita 40, kina sentimita 35 au zaidi mpaka ukute udongo mgumu. Zege la chini 1:3:6 (simenti, mchanga, kokoto), unene sentimita 15: mifuko 2 ya simenti. Juu yake tofali za inchi 6 za kulaza, kozi (mistari) nne, moja ikizama ardhini. Kozi moja inakula tofali 17, jumla 68, agiza 72 kwa sababu za kuvunjika. Za kulaza, si za kusimamisha: uzito wa tanki unausukuma udongo wa ndani kwenda pembeni, na ukuta wa inchi 6 uliosimama hupasuka kwenye kona.

Ndani jaza moramu (udongo wa changarawe), kama mita 2.5 za ujazo kabla ya kushindiliwa. Shindilia kila sentimita 15, ukinyunyiza maji. Kifusi cha plasta na vipande vya tofali hakifai, kina matundu ndani na kitazama baada ya tanki kujaa, jamvi (bamba la zege la juu) libaki linaning'inia. Moramu ikionekana imekaa, mwagia maji usiku mmoja, kesho yake ipige tena. Itashuka.

Jamvi la juu: unene sentimita 12, zege 1:2:4, mifuko 4. Kwa kila mfuko, mchanga ndoo tatu na nusu za lita 20 na kokoto ndoo saba. Maji yasizidi lita 28 kwa mfuko. Saidia fundi hupenda zege liwe uji ili limwagike lenyewe, na zege la uji ndilo linalochanika likikauka. Nondo za mm 10 kila sentimita 20, njia zote mbili: vipande 22 vya mita 2.1. Nondo ya mita 12 inatoa vipande vitano, kwa hiyo nondo 5. Zinyanyuliwe na vipande vya zege vya sentimita 4, zisilale kwenye moramu. Mifuko 2 zaidi ni ya kujengea tofali na kupiga plasta pembeni. Jumla mifuko 8.

Uso upigwe ubao na uwe bapa kabisa, upimwe kwa pima maji pande zote. Kokoto moja iliyojitokeza chini ya kitako cha tanki inatosha kulitoboa likijaa. Mwagilia asubuhi na jioni kwa siku 7 angalau, chini ya magunia. Hii ni kazi isiyogombana na kuandika barua za maombi ya kazi. Tanki lisijazwe kabla ya wiki mbili.

Kuchimba, kushindilia na kumwagilia vinafanywa na mwenye nyumba. Pesa ya fundi iende kwenye kozi za tofali na kunyoosha jamvi.

Tanki

Likishapandishwa, litiwe maji siku hiyohiyo, hata robo. Tanki tupu linabebwa na upepo.

Matanki mengi huja na tundu la kutolea lenye uzi wa shaba wa kukazia bomba. Likiwa halipo, toboa kwa msumeno wa duara unaofungwa kwenye drili, sehemu iliyo bapa, sentimita 10 juu ya kitako ili matope yabaki chini. Konekta (kiungo kinachopita kwenye tundu la tanki) ifungwe na mpira ndani na nje, uzi uzungushiwe tepu nyeupe mizunguko 10 hadi 15 kufuata upande wa kukazia. Kaza kwa mkono, kisha nusu mzunguko kwa spana. Ukizidisha, plastiki inapinda, mpira unatoka nje, na hapo ndipo kuvuja huanza. Yunioni (kiungo cha kufunguka) iwekwe mara baada ya koki, la sivyo kubadilisha koki siku moja kutataka kukata bomba.

Tundu la maji kufurika liwe na upana sawa na bomba linaloingiza. Fundi akikuwekea inchi 1 wakati gata inaleta kwa inchi 4, tanki litafurikia mfunikoni, maji yatashuka ubavuni na kuchimba msingi ulioujenga kwa mifuko 8. Weka inchi 4. Mdomo wake ufungwe wavu wa mbu kwa kibano cha chuma, na mfuniko ukae sawasawa. Mbu anayeeneza homa ya dengi hupenda maji yaliyotunzwa nyumbani, na Dar es Salaam ilishaona milipuko yake 2014 na 2019.

Gata

Fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) ipigwe dawa na rangi mbele na nyuma kabla, maana nyuma ya gata brashi haitafika tena.

Mteremko ni milimita 5 kwa mita. Tundu la kushushia likiwa pembeni, mita 11.2 zinadai milimita 56 za kushuka, na mwisho wa chini gata inakuwa mbali na bati, mvua kubwa inaruka juu yake. Likiwa katikati, kila nusu inashuka milimita 28 tu, na kila nusu inabeba nusu ya maji ya upande huo. Mvua ya milimita 100 kwa saa juu ya mita za mraba 57 ni lita 1.6 kwa sekunde. Gata ya inchi 4 yenye tundu moja pembeni inaweza kushindwa hapo. Inchi 5 au 6, tundu katikati. Kutoka hapo bomba la inchi 4 linalazwa chini ya fisha bodi mpaka kona ya nyumba lilipo tanki, nalo likiwa na mteremko.

Vuta uzi wa fundi kutoka pembeni mpaka katikati kabla ya kupachika kishikizo hata kimoja. Vishikizo kila sentimita 60, na kimoja kila upande wa kiungo: andaa 24. Tumia skrubu, kwani misumari hulegea mbao ikivimba na kusinyaa. Bati liingie ndani ya gata kama sentimita 5. Likiingia zaidi ya hapo, mkono hautapita kusafisha.

Gata ya plastiki isibanwe mwisho kwa mwisho. Kipande cha mita 4 kinaweza kurefuka milimita 8 kati ya alfajiri na jua la saa saba. Kiungo chenye mpira kiachiwe nafasi hiyo, bila gundi. Gundi ni ya mabomba ya kushushia peke yake. Kabla ya kushuka ngazi, mwaga ndoo moja kila ncha uangalie: maji yaliyosimama kwa zaidi ya dakika chache yanaonyesha kishikizo kilichonyanyuka.

Maji ya kwanza

Vumbi, majani ya mwembe na kinyesi cha kunguru (Dar ina wa kutosha) husafishwa na mvua ya mwanzo, na maji hayo hayatakiwi tankini. Kadirio la nusu lita kwa kila mita ya mraba ni lita 28. Bomba la inchi 4 hubeba kama lita 8 kwa mita, lingetaka mita 3.5, na kimo hicho hakipo. Bomba la inchi 6 hubeba zaidi ya lita 17 kwa mita, hivyo kipande cha mita 1.7 kinatosha. Linasimama wima chini ya tii (kiungo chenye umbo la T), kabla ya tanki, likijaa maji yanapita juu kuelekea tankini. Likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 30, kwa hiyo liegemee tofali, lisitundikwe kwa vibano peke yake.

Chini kuna kifuniko cha kufungua kwa mkono na koki ya nusu inchi. Aliye nyumbani mchana anafungua koki kila baada ya mvua. Ajira ikipatikana, koki itabadilishwa kwa tundu la milimita 2 linalodondosha lenyewe. Litapoteza maji kiasi mvua ikinyesha, na litaziba, kwa hiyo kifuniko bado kifunguliwe kila wiki.

Maji haya ni ya kufua, choo na usafi. Ya kunywa yachemshwe.

Hali ilivyo

Msingi, tanki na gata tayari. Bomba la choo limefika kwenye tanki la flashi, ambalo linajaa hata tanki kubwa likibaki robo, kwa kuwa sakafu ya nyumba haijapishana sana na msingi. Bado shimo la kupokea maji ya kufurika: mita 1 kwa 1 kwa 1, umbali wa mita 3 kutoka kwenye msingi, lijazwe mawe, na bomba lake lipite karibu na migomba. Mpaka lichimbwe, maji yanaongozwa kwa kipande cha bomba juu ya ardhi, na mdomo wake umewekewa bati chakavu ili yasichimbe.