Kikohozi kisichoisha: angalieni na umio

Mtu anakohoa zaidi ya wiki nane. Makohozi yamepimwa, kifua kikuu hakuna. Picha ya mapafu ni safi. Sirapu zote za soko la Kadutu, hapa Bukavu, amezimaliza. Hapo anaambiwa "ni asidi" na kupewa omeprazole. Mara nyingi haimsaidii.

Omeprazole hupunguza asidi tu, haizuii kilicho tumboni kupanda. Umio, njia ya chakula toka kooni hadi tumboni, ni mrija wa misuli wa kama sm 25. Ukimeza, wimbi la kubana husukuma chakula hadi tumboni kwa sekunde nane hadi kumi. Wimbi likiwa dhaifu au likikatika njiani, kilichopanda hubaki humo, kiwe kikali au la. Tena neva ya vagasi inahudumia umio na njia ya hewa pia: umio ukiwashwa, kikohozi huamka hata kama hakuna tone lililofika mapafuni. Ndiyo maana wengine hawana kiungulia kabisa.

Kwanza lakini, dawa za presha! Captopril, enalapril na ndugu zao huleta kikohozi kikavu. Daktari akibadilisha, kwa kawaida hutulia ndani ya wiki nne, mara chache hadi miezi mitatu. Msiache dawa wenyewe. Na mbabula ya makala (jiko la mkaa) itoke nje, maana moshi wake nao hukohoza.

Umio hushukiwa zaidi mtu akikohoa wakati wa kula, akiinama, akiongea sana au akiinuka tu kitandani.

Bugari (ugali) ya jioni iliwe masaa matatu kabla ya kulala. Miguu ya kitanda upande wa kichwa iwekewe matofali hadi ipande sm 15 hadi 20. Kurundika mito hakufai: shingo na kiuno hujikunja, tumbo linabanwa, na vitu vinapanda zaidi. Omeprazole ina maana zaidi kwa mwenye kiungulia, na humezwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kula. Wengi huimeza wakishashiba. Miezi miwili hadi mitatu ikipita bila nafuu, kuongeza dozi ni kupoteza pesa.

Kinachopima wimbi lenyewe ni manometria: mrija mwembamba hupitishwa puani, mgonjwa anameza maji kidogo kidogo. Picha ya eksirei ya kumeza bariamu (maji meupe yanayoonekana kwenye picha) haipimi nguvu ya msukumo, ila huonyesha umio uliopanuka na mlango wa chini usiofunguka. Hapo chakula hulala humo na kumkohoza mtu usiku.

Chakula kikikwama, uzito ukishuka au damu ikitoka, msingoje matofali: nendeni hospitali wiki hiyo hiyo.