Jioni niliyofuata ratiba ya binti yangu

Ujumbe wa shule ulisema wazazi tufike saa kumi na mbili na nusu jioni, kila mmoja na ratiba ya mwanawe mkononi, tuifuate kipindi kwa kipindi. Nikausoma mara mbili. Kule Tanga mzazi akiitwa shuleni, ama ada haijalipwa, ama mtoto kapigana. Kuitwa ukakae kwenye dawati la mwanao usubiri kengele, hilo sikuwahi kulisikia. Nikabadilishana zamu na mwenzangu mmoja Mfilipino pale kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikavaa viatu vya kazini, nikapanda basi. Namshukuru Mungu kwa vile viatu.

Shule yenyewe ni Evanston Township High School, katika mji wa Evanston, jimbo la Illinois, ulioshikana na Chicago upande wa kaskazini, kandokando ya Ziwa Michigan. Hapa kila mtu huiita kwa herufi zake nne, ETHS. Ilianza 1883. Jengo la sasa, la matofali, lenye sura ya vyuo vya kale vya Uingereza, lilifunguliwa 1924, na tangu hapo limeongezwa huku na huku mpaka mgeni hajui amesimama upande gani. Wanafunzi ni kama 3,500, darasa la tisa hadi la kumi na mbili, wote chini ya paa moja. Timu zao zinaitwa Wildkits. Chuo Kikuu cha Northwestern, kilicho mji huohuo, timu zake ni Wildcats, yaani paka mwitu, kwa hiyo wa sekondari wakawa vitoto vya paka mwitu. Binti yangu, ambaye nyumbani hataki kuitwa mtoto hata na bibi yake kwenye simu, huvaa fulana yenye jina hilo bila tatizo lolote.

Kabla sijaingia kwenye ratiba, nieleze tulivyofika.

Mwanzo tulipanga Rogers Park, mtaa wa mwisho wa Chicago kaskazini. Pale kituo cha treni cha Howard ukisimama nusu saa utasikia Kiswahili cha Bukavu, cha Bujumbura, na cha vijana waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Kuanzia relini kwenda magharibi, Barabara ya Howard ndiyo mpaka. Ukilala kusini, mtoto wako ni wa shule za jiji la Chicago. Ukilala kaskazini, ni wa Evanston. Ni barabara ya kawaida tu, ina maduka ya simu na saluni za kusuka, unaivuka huku unakula muwa kama muwa ungekuwepo.

Uzito wa barabara hiyo uko kwenye kodi. Shule za serikali hapa Illinois zinaendeshwa kwa sehemu kubwa na kodi ya majumba na viwanja vya eneo lao. Na ETHS ni wilaya nzima ya shule peke yake, Wilaya 202, yenye bodi yake ya watu saba wanaopigiwa kura. Shule za wadogo ziko chini ya wilaya nyingine, namba 65. Mimi sina nyumba, ni mpangaji, lakini mwenye nyumba hajanisamehe: kodi anayodaiwa yeye ameitia ndani ya kodi ninayomlipa mimi. Kiswahili kilijua mapema, kikaziita zote mbili jina moja. Tulipohamia ng'ambo ile chumba kilipungua na kodi ikapanda, na nilifanya hivyo kwa macho makavu, kwa ajili ya shule.

Siku ya kuandikisha nilibeba faili zima: mkataba wa pango, bili ya umeme, kadi ya chanjo, cheti cha kuzaliwa. Walichotaka kujua ni kama kweli tunalala Evanston. Nasema hili kwa sababu kila mwezi kuna mtu ananiuliza WhatsApp kwa woga: habari za viza na makaratasi ya uhamiaji hazikuulizwa. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982, katika kesi iliyotoka Texas, kwamba mtoto hanyimwi shule ya serikali kwa sababu hana kibali cha kuishi nchini. Mwandikisheni mtoto, jamani.

Jirani yangu wa zamani, mama wa Bukavu, yeye alibaki kusini. Mwanawe anasoma Sullivan, shule ya Rogers Park inayojulikana kwa kupokea watoto wakimbizi wa mataifa mengi, na anaisifu. Lakini nilipomwonyesha picha za bwawa la kuogelea la kwetu aliangalia kwa muda, akasema, "Mama, njia moja tu ndiyo inagawanya batoto?" Sikuwa na la kumjibu. Mpaka leo sina.

Basi, ratiba. Kwanza niwaambie kisichokuwepo: darasa. Sisi tulikuwa na chumba chetu, mkondo wetu, kiranja wetu, na walimu ndio waliokuwa wakizunguka. Tulikaa pamoja miaka minne, nawajua hadi waliokuwa wakilala na mate yakawatoka. Hapa mwalimu ndiye mwenye chumba, mwanafunzi ndiye msafiri. Kengele ikilia watoto zaidi ya elfu tatu wanamwagika kwenye korido kwa wakati mmoja, na wale uliokaa nao Kiingereza hutawaona kwenye kemia. Kila mtoto ana ratiba yake, aliyoipanga na mshauri wake. Namwonea wivu binti yangu kwa masomo anayoweza kuchagua, na namhurumia kwa kukosa watu wa kuwaita "darasa letu". Yeye anasema naongea kama redio ya zamani.

Jioni ile kila kipindi kilikuwa dakika kumi, na kati yake dakika chache za kutafuta chumba. Kipindi cha kwanza nilichelewa. Cha pili niliingia chumba kisicho changu, nikasikiliza habari za Kifaransa kwa heshima mpaka nikaona aibu kutoka. Watoto waliovaa fulana za kujitolea walisimama kwenye kona wakituelekeza, na wazazi wazima, wanasheria na madaktari, walikuwa wakikimbia na karatasi mikononi kama watoto wa darasa la kwanza. Mbele ya kengele tulikuwa sawa sote.

Kwenye chumba cha Kiingereza nilikutana na baba mmoja aliyesoma hapahapa zamani, na ndiye aliyenieleza ugomvi mkubwa wa shule hii. Zamani watoto wakiingia darasa la tisa waligawanywa kwa alama walizokuja nazo: wenye alama za juu chumba chao, wengine vyumba vyao. Mji huu una Wazungu, Weusi na Walatino, na hakuna kundi linalofika nusu ya shule, lakini ukichungulia vile vyumba vya juu ulikuwa unaona rangi moja zaidi. Desemba 2010 bodi ilipiga kura ya kuvunja utaratibu huo kwenye masomo ya lugha na historia ya mwaka wa kwanza, chini ya mkuu wa wilaya ya shule wa wakati huo, Eric Witherspoon. Baiolojia ikafuata. Sasa watoto wanaanza pamoja, na anayetaka hadhi ya juu kwenye cheti huipata kwa kazi anayoifanya ndani ya chumba hichohicho. Mikutano ilijaa, wazazi walipandishiana sauti. Yule baba alikuwa upande wa waliopinga. Akaniambia bado hana hakika kama alikosea.

Nilimsikiliza nikakumbuka mkondo A wetu, uliokuwa na feni. Mimi nilikuwa C. Sikumwambia.

Michezo nitaipitia haraka, maana ningeandika kitabu. Kitu kimoja tu: kwa miaka mingi kocha wa riadha hapa alikuwa Willie May, aliyepata medali ya fedha ya meta 110 kuruka viunzi kwenye Olimpiki ya Roma, 1960. Roma hiyohiyo ambako Abebe Bikila alishinda marathoni miguu mitupu! Hebu fikiria mtu aliyetoka huko anakuja kukufundisha saa tisa alasiri, nawe una miaka kumi na tano na umesahau soksi.

Halafu kuna kufundishwa kuendesha gari. Ndiyo, shuleni. Sheria ya Illinois inazitaka shule za sekondari za serikali zitoe somo hilo: saa 30 darasani, saa 6 barabarani na mwalimu. Lakini mzazi naye anadaiwa saa 50 za mazoezi na mtoto, kumi kati yake usiku. Mimi gari sina. Nimeanza kuwabembeleza wajomba wa msikitini mmojammoja.

Kipindi cha mwisho kwenye karatasi kilikuwa jiometri, na chumba chake hakikuwa chumba. Mtoto mwenye fulana alinitoa nje, nyuma ya jengo, na pale palikuwa na mbao, misumari, na sakafu ya nyumba iliyoanza kuinuliwa. Nyumba ya kweli. ETHS ina somo la jiometri linalofundishwa kwa ujenzi: wanafunzi wanajenga nyumba kwa mwaka wa masomo, kisha inabebwa kwa lori hadi kiwanjani mjini, na kuuzwa kwa familia ya kipato cha kawaida kwa bei inayoiweza. Huu ni mji ambao walimu wenyewe wanashindwa kupanga nyumba. Binti alikuwa ameniambia "mama, tunajenga kitu", nikadhani ni kibanda cha ndege.

Mwalimu, mzee mwenye penseli sikioni, alitueleza watoto wanavyotafuta mwinuko wa paa kwa pembetatu: nusu ya upana wa nyumba, kimo, na ule mstari wa mshazari. Wazazi wakatikisa vichwa. Akauliza kama kuna aliyewahi kupaua nyumba.

Baba yangu alikuwa seremala Tanga. Kuanzia miaka minane mimi ndiye niliyeshika mwisho wa futi kamba wakati anapima kenchi, na nilikuwa nikichapwa kofi la kichwa kila nilipoilegeza. Hajui jina la Pythagoras hadi leo, ila paa zake hazijawahi kuvuja.

Nikanyoosha mkono. Wote wakageuka. Mwalimu akanipa mkanda wa kupimia, akaniuliza kwetu tunaanza na kipi, nami nikashika ubao wa kwanza nikamwambia asogee, ashike ule mwisho mwingine, asilegeze. Kengele ikalia. Hakuna aliyetoka.