Ukambaa wa Raskazone

Jana binti yangu kaona picha ya wakimbiaji wawili kwenye simu, akauliza: "Baba, mbona huyu kafungwa kamba na mwenzake?" Nilimjibu kwa ufupi, lakini usingizi ukanikataa.

Ilikuwa 2004, Ngamiani, mjini Tanga. Redio ilitangaza kwamba Henry Wanyoike wa Kenya, mkimbiaji asiyeona anayekimbia akiwa amefungwa kamba na mwongozaji, amechukua dhahabu mbili kwenye Paralimpiki kule Athens, mita 5,000 na mita 10,000. Kaka, mtoto wa mjomba, aliyepofuka kwa surua utotoni, akanyanyuka mkekani: "Kesho alfajiri tunakimbia." Bibi akatusukia ukambaa wa ukindu, kitanzi huku na huku.

Baada ya sala tukashika njia ya Raskazone, baiskeli bado chache. Mimi nataja: shimo, tuta, kona. Tulipoanza kusikia bahari, mbavu zikanibana, sauti ikakatika. Kaka alijua kabla sijasema, maana ukambaa ulikaza kwa nyuma. Hakusimama. Aliuzungusha kiganjani, akanivuta, uso kaupeleka kwenye upepo wa bahari. Njia alikuwa akiisoma kwa nyayo: lami ikichakaa anajua, mchanga ukianza anajua, na pale penye mizizi ya mkungu alipunguza hatua bila kuambiwa na mtu. "Wewe pumua tu. Barabara niachie mimi." Nami mwenye macho mawili nikamfuata.

Baadaye ndiyo nikasikia kwamba Sydney, mwaka 2000, Wanyoike naye alimvuta mwongozaji wake, John Kibue, aliyekuwa mgonjwa na kuishiwa nguvu karibu na mwisho wa mita 5,000. Wakamaliza pamoja, dhahabu ikaja.

Kaka anayajua maisha ya Wanyoike kama anavyoijua Raskazone: kiharusi cha 1995 kilichomnyang'anya macho, masweta aliyojifunza kufuma, kisha mbio, na baada ya medali, safari za kuwahimiza watu wapime macho mapema. Huko Wanyoike anasikilizwa.

Mwaka jana, kwenye mkutano wa mtaa, kaka aliinua mkono kuhusu mitaro isiyofunikwa. Alisema vizuri, kwa mpangilio. Wakamshukuru, wakahamia ajenda nyingine. Tukirudi nyumbani, kanishika bega, akaniuliza: "Ningekuwa na medali, ule mtaro ungefunikwa?"

Nadhani ungefunikwa, na ndilo linaloniuma.